Kabla Ukope Doo ya Lenzi Mpya, Sikia Stori ya Glasi za Zamani

Wasee wa kamera, leo tuongee ukweli. Hapa Migori mtu akishapata body yake ya kwanza ya DSLR, kawaida Canon au Nikon ya mtumba iliyotoka Nairobi kwa basi, haimalizi wiki mbili kabla aambiwe ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo ni takataka. Anaambiwa potreti haziwezi bila 85mm mpya, tena ile ya bei ya pikipiki. Anafungua simu, anaangalia limiti ya mkopo, na mwezi ukiisha anadaiwa na app tatu kwa sababu ya lenzi ambayo haijamwingizia hata mia tano.

Msimamo wangu ni huu: kama unaanza na unataka kupiga sura za watu, lenzi yako ya kwanza ya potreti iwe ya zamani, ya kuzungusha fokasi kwa mkono, kati ya 50mm na 58mm. Si kwa sababu vitu vya kizamani viko kwa fasheni. Ni kwa sababu hesabu inakubali, mfuko unakubali, na mtu unayempiga picha anatoka akiwa ameangaliwa vizuri.

Kuna wale watasema fokasi ya mkono ni mateso. Kumbuka otofokasi yenyewe ni ya juzi tu. Minolta 7000, kamera iliyofanya soko likubali otofokasi ndani ya body, ilitoka 1985. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix pale Dar es Salaam mwaka wa 1963, alifanya miaka yake mingi ya kazi kabla ya hapo. Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi mwaka wa 1969, Amin alikuwa miongoni mwa waliofika na kunasa tukio, na hakuna kamera iliyomfanyia fokasi. Mboya amelala Rusinga, hapa kwetu Homa Bay. Kama vidole viliweza kazi ya presha namna hiyo, vitaweza nyanya yako akiwa ameketi kwa kiti chini ya mwembe.

Sasa hesabu. Body nyingi tunazotumia zina sensa ndogo. Canon za aina hiyo zinakata picha kwa mara 1.6, Nikon na Sony kwa mara 1.5. Hapo nasema Sony ya kamera, si ile ya sukari pale Awendo. Kwa hivyo lenzi ya 50mm ukiifunga kwa Canon inaona kama 80mm, na ya 58mm inaona kama 93mm. Hapo tayari uko kwenye kipimo cha potreti bila kuongeza shilingi. Ile 85mm unayolilia inageuka kuwa kama 136mm.

Peleka hiyo kwa ground. Kumpiga mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, tuseme mita 1, ukiwa na 85mm kwa sensa ndogo unahitaji kusimama karibu mita 4 kutoka kwake. Ukitaka mwili mzima ni karibu mita 8. Ukiwa na chumba cha futi 10 kwa 10 hapa town, unampiga ukiwa nje barabarani, boda zikipita katikati yenu. Na 50mm unasimama mita 2 na kidogo, mnaongea bila kupigiana kelele. Hiyo peke yake inatosha kukunyima sababu ya kukopa.

Jambo la pili, ambalo watu hulipuuza halafu wanalia: mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa. Kila kampuni ina umbali wake kutoka mdomo hadi kwa sensa. DSLR za Canon ni milimita 44, za Nikon ni 46.5. Lenzi nyingi za zamani za skrubu, zinazoitwa M42, zilitengenezwa kwa umbali wa milimita 45.46. Mimi college sikumaliza na fizikia yangu iliishia Form Four, lakini hii ni hesabu ya kutoa tu. Kwa Canon inabaki milimita 1 na nusu hivi, nafasi ya kuweka adapta nyembamba ya chuma, na lenzi inafanya kazi vizuri hadi mbali kabisa. Kwa Nikon hakuna nafasi. Lenzi inakaa mbali kuliko ilivyotakiwa, na vitu vya mbali havipati fokasi. Kuna adapta za Nikon zenye kiglasi cha kurekebisha hiyo shida, lakini za bei ya chini zinaharibu ukali wa picha. Achana nazo.

Kwa hivyo usiulize kwanza lenzi gani ni kali. Uliza body yangu ni gani.

Kama una Canon ya DSLR, tafuta lenzi za M42. Lakini chunga kitu kimoja: lenzi za zamani za Canon zenyewe, zile za FD zilizotoka kabla kampuni ibadilishe mdomo mwaka wa 1987, hazikai sawa kwa DSLR za Canon za leo. Umbali wake ni milimita 42, kwa hivyo fokasi ya mbali inapotea. Muuzaji akikuambia "hii ni Canon, itaingia kwa Canon", mwambie asante na uende.

Kama una Nikon, tafuta Nikon ya zamani, kwa mfano 50mm f/1.8 ya Series E. Inaingia bila adapta. Ila body ndogo kama za familia ya D3000 na D5000 hazitakupimia mwanga ukiwa na lenzi kama hiyo. Unaweka M, unapiga moja ya kujaribu, unaangalia kwa skrini, unarekebisha. Kitone cha kijani kwenye kidirisha cha kuchungulia bado kitakuonyesha fokasi ikifika. Na ukikutana na Nikon ya kabla ya 1977 ambayo haijarekebishwa, usiilazimishe kuingia, kwa sababu inaweza kuumiza baadhi ya body.

Kama una kamera isiyo na kioo ndani, wewe ndiye umeomoka. Kwa Sony za aina hiyo umbali ni milimita 18 tu, kwa hivyo karibu lenzi yoyote ya zamani inaingia na adapta, hata hizo FD na zile Rokkor za Minolta. Kumbuka tu kwenda kwa menyu na kuruhusu kamera ipige bila kutambua lenzi, la sivyo utadhani imekufa.

Tukija kwa majina, lenzi ambayo TikTok imeifanya nyota ni Helios 44-2, 58mm f/2, ya Muungano wa Kisovieti. Ilikuja na kamera za Zenit, na ramani yake ya glasi ilitokana na Biotar ya Zeiss, Ujerumani. Zilitengenezwa kwa mamilioni, ndiyo maana mtandaoni bado unaipata mara nyingi kwa chini ya dola 100, kabla ya usafiri na ushuru. Ni lenzi nzuri. Lakini wacha nikupunguzie moto: ule mzunguko wa majani nyuma ya mtu, kama kimbunga, unaoonekana zaidi kwenye kingo za picha. Sensa ndogo inakata hizo kingo. Kwa hivyo ukinunua Helios kwa sababu ya kimbunga na una body ya sensa ndogo, utapata upepo tu. Inunue kwa sababu ya sura, si kwa sababu ya majani.

Chaguo langu mimi ni Takumar 55mm f/1.8 ya Pentax, nayo pia ya skrubu. Haina kelele, ni kali katikati, na pete yake ya fokasi huzunguka laini kama siagi ikiwa ilitunzwa. Dada yake, 50mm f/1.4, ina matoleo yenye glasi ya thoriamu ambayo hugeuka njano na miaka. Njano hupungua ukiiweka kwa jua la dirishani kwa muda, lakini tumia hiyo njano kuvuta bei chini. Halafu kuna Jupiter-9, 85mm f/2, ambayo watu husifu sana. Ikiwa wazi kabisa picha huwa laini mno, na hesabu ya chumba tushaifanya. Iache ya baadaye.

Ukiwa mbele ya muuzaji, toa tochi ya simu. Fungua tundu la lenzi lote, mulika kutoka nyuma, chungulia mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Sisi wa pande za ziwa tunafaa kuiogopa kuliko watu wa Nairobi, kwa sababu inapenda joto na unyevu, na kutoka Muhuru Bay hadi Kendu Bay hizo tunazo bure. Mikwaruzo midogo mbele haina shida sana. Fangasi ndani ni shida. Kisha angalia zile blade za tundu: zisiwe na mafuta, zifunge na kufunguka bila kusita. Zungusha fokasi mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali, rudisha. Ukishanunua, usiifungie kwa kifuko cha ngozi. Weka kwa kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya.

Kazi yenyewe sasa. Tuko karibu digrii 1 tu kusini mwa ikweta, na jua la saa sita linasimama kichwani na kuchimba mashimo machoni. Zaidi ya hapo, kwa jua kali ukiwa f/2 na ISO 100 unahitaji kasi ya karibu 1/6400, na body nyingi za bei yetu zinaishia 1/4000. Picha inaungua. Mweke mtu kwa kivuli cha veranda au mti, uso ukiangalia upande wenye mwanga. Pima mwanga kwa uso wake, si kwa anga. Ngozi zetu zimeonewa na kamera kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi Kodak ilipima rangi za picha kwa kadi zenye mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Usiiache kamera iamue weusi wa mtu, hiyo ni kazi yako.

Ukiwa na 58mm kwa f/2, mtu akiwa mita 1 na nusu, kinachotoka kikali ni kama sentimita 5 tu. Jicho likiwa sawa, sikio limeshayeyuka. Kwa hivyo washa skrini, kuza picha mara 5 au 10, zungusha hadi kope zionekane moja moja, mwambie asisogee, piga. Funga tundu hadi f/2.8 kama unataka usalama. Utaona jambo: kwa sababu huwezi kumwaga picha 40 kwa dakika, unalazimika kuongea na mtu. Na mtu akiongeleshwa, uso wake unarudi kuwa wake.

Haki pia isemwe. Kama kazi yako ni harusi, watoto wanaokimbia au mechi za mtaani, lenzi hizi zitakuaibisha. Canon 50mm f/1.8 STM ilitoka 2015 kwa kama dola 125 kule Marekani, na mtumba wake si mbali sana na Helios safi. Bibi harusi hatasimama akungoje uzungushe pete. Mwenye hizo kazi anunue otofokasi, lakini kwa pesa alizoshika mkononi. Na ukiona bei ya lenzi ya zamani imepandishwa hadi kupita ya mpya, hapo unalipia jina tu. Toka.

Sababu ninalia na potreti ni hii. Chukua programu ya mazishi yoyote kutoka Rongo hadi Mbita, uangalie ile picha ya mbele. Mara nyingi ni uso uliokatwa kutoka picha ya kikundi, na bega la mtu mwingine bado liko hapo. Ama ni ya kitambulisho, imevutwa hadi ikapasuka. Mtu ameishi miaka 80, amelea ukoo mzima, na hana picha moja iliyopigwa kwa ajili yake. Wakati huo kijana wake ana kamera, lakini anangoja lenzi ya laki ndiyo aanze.

Wikendi hii panda matatu uende ushago na hiyo body yako. Kama glasi ya zamani bado hujapata, sukuma hiyo 18-55mm hadi 55, mweke mzee kwa kivuli, umpige. Mkopo wa lenzi unaweza kungoja. Wazee hawana huo muda.