London Warriors: Klabu Ambayo Wasee Hulipa Ndio Wacheze, Lakini Ikatoa Mse Hadi NFL

Cheki hii picha. Ni Jumapili asubuhi London, mvua inanyesha ile ya kuudhi. Msee anatoka keja na begi kubwa karibu limshinde. Ndani kuna helmeti, pedi za mabega na njumu, na zote amejinunulia. Ada ya klabu amelipa. Nauli ya mechi ya ugenini amechanga. Akifika uwanjani, mashabiki ni mabeshte, wazazi na dem mmoja aliyeburutwa kuja kwa nguvu. Jumatatu ataingia job kama kawaida, mbavu zikimuuma.

Hiyo ndiyo futiboli ya Marekani kwa klabu za Uingereza. Hakuna mshahara. Hakuna skauti amekaa pale na kalamu. Makocha wengi wanajitolea tu.

Lakini kutoka kwa maisha hayo, klabu moja ya kusini mwa London, London Warriors, ilichukua jamaa wa miaka 22 ambaye hakuwa amewahi kucheza huo mchezo. Alipiga mechi 5 pekee, kisha Dallas Cowboys wakampa kandarasi. Wengi huiita bahati. Mimi nasema ukifuata hii stori kutoka mwanzo utaona bahati ilikuwa kidogo sana. Kulikuwa na mlango uliokaa wazi miaka mingi, na kuna watu waliolipa kutoka mfukoni ndio usifungwe.

Yote ilianza na TV

Mwaka wa 1982 stesheni mpya ya TV, Channel 4, iliingia hewani Uingereza. Ikitafuta kitu tofauti cha kuwapa vijana, ikaanza kuonyesha NFL. Watu wakashikwa mbaya. Wasee waliozoea soka na raga wakaanza kujiuliza: mbona sisi tusijaribu?

1983 ikazaliwa London Ravens. Mwaka huo huo wakakutana na Northwich Spartans, na Ravens wakawanyorosha 48-0. Manze, wengi waliokuwa uwanjani walikuwa wamejifunza sheria kwa kutazama TV sebuleni! Lakini moto ulikuwa umewaka. Klabu zikaanza kuota kila mahali kama uyoga, na kusini mwa London ikaja Streatham Olympians, ambayo baadaye ilijiita London Olympians. Hilo jina liweke akilini, tutalirudia.

1986 ndio ikawa kilele. Chicago Bears, waliokuwa wametoka tu kushinda Super Bowl, walikuja Wembley kucheza na Dallas Cowboys mechi ya kirafiki, na watu zaidi ya 80,000 wakajaza uwanja. Kampuni ya bia ya Budweiser ikaona biashara, ikadhamini ligi ya huko. Kwa muda mfupi ilikaa ni kama huu mchezo umefika.

Haukuwa umefika. Viongozi wa ligi wakaanza vita vyao, ligi zikagawanyika, mdhamini akatoka. Klabu zilizokuwa zimezoea kuishi kwa pesa ya mtu mwingine zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Wakenya tunaijua hii stori vizuri. Mdhamini akiondoka, ndio unajua nani alikuwa anaupenda mchezo na nani alikuwa amefuata jezi za bure.

Olympians hawakufa. 1993 na 1994 walishinda Eurobowl, kombe la klabu bingwa wa Ulaya, mara 2 mfululizo. Timu ya wasee wa kawaida, wenye kazi zao za kawaida, ndio mabingwa wa bara zima. Na ni Wakenya wangapi wamewahi kusikia hiyo? Hata Waingereza wengi hawajui.

2007: mlango mmoja ukafungwa, mwingine ukafunguliwa

NFL wenyewe walikuwa wamejaribu Ulaya. Walianzisha ligi ya kulipwa, na London Monarchs wakashinda fainali ya kwanza kabisa Wembley mwaka wa 1991. Baadaye ligi hiyo ikaitwa NFL Europe. Ilikuwa inakula hasara mwaka baada ya mwaka, na Juni 2007 NFL wakaifunga. Mchezaji wa Ulaya aliyekuwa anaota kulipwa kwa huu mchezo karibu na nyumbani, ndoto ikaishia hapo.

Miezi 4 baadaye, Oktoba 2007, NFL walileta Wembley mechi halisi ya ligi yao, New York Giants dhidi ya Miami Dolphins. Tiketi ziliisha. Waliona hesabu ni rahisi: badala ya kulipa timu nzima za Ulaya mwaka mzima, leta timu mbili kutoka Marekani kwa wikendi, uza tiketi na jezi, rudi nyumbani. Tangu hapo mechi za London zimekuwa kitu cha karibu kila mwaka.

Mwaka huo huo wa 2007, mbali na taa za Wembley, kulikuwa na kilio. Zaidi ya vijana 20 wasiofika miaka 20 waliuawa London mwaka huo, wengi kwa visu na bunduki, na mitaa ya kusini kama Peckham na Clapham ilikuwa kwa habari kila mara. Ni wakati huo na upande huo wa jiji ambapo London Warriors ilianzishwa. Mmoja wa waanzilishi ni kocha Tony Allen.

Mwanzoni haikuwa klabu ya kutisha mtu. Lakini futiboli ya Marekani iko na kitu kimoja ambacho soka haina: inataka watu wa kila aina. Jamaa mzito ambaye kwa soka angeambiwa asimame golini, hapa anatafutwa kama dhahabu. Mfupi mwenye mbio ana nafasi. Mrefu mwenye mikono mirefu ana nafasi. Na inataka wengi, kwa sababu timu ya kushambulia na ya kuzuia ni watu tofauti. Kwa mtaa wenye vijana wengi wanaotafuta mbogi ya kujiunga nayo, hiyo si kitu ndogo. Ni mbogi pia, tofauti ni kwamba hii inakutaka ufike mazoezi.

Kufikia 2013 Warriors walikuwa mabingwa wa Uingereza. 2014 wakarudia.

Aden na Efe

Sasa rudi kwa lile jina la Olympians. Mmoja wa vijana waliopitia klabu hiyo ni Aden Durde. Alienda akacheza Hamburg Sea Devils kwenye NFL Europe, akaingia hata kikosi cha mazoezi cha Carolina Panthers, lakini hakuwahi kucheza mechi ya ligi NFL. Alirudi London, na badala ya kukaa akijisikitikia, akaenda kufundisha ulinzi pale Warriors. Wakati huo huo alikuwa anaenda Marekani kujifunza ukocha na Dallas Cowboys.

2014 kuna beshte alimshawishi jamaa mmoja anayeitwa Efe Obada aje mazoezi ya Warriors. Efe alizaliwa Nigeria, akahamia Uholanzi akiwa mdogo. Akiwa na miaka 10, yeye na sista yake waliletwa London na mtu aliyewaacha tu barabarani. Watoto wawili, jiji la watu mamilioni, hawajui mtu. Aliyewaokoa kwanza ni soja aliyewapa mahali pa kulala kwa jengo alilokuwa analinda. Kutoka hapo Efe alilelewa kwa mfumo wa serikali, akihamishwa familia moja hadi nyingine zaidi ya mara 10. Kufika 2014 alikuwa anapiga job kwa godauni.

Kwa hiyo huyu si mtu aliyekuwa anatafuta NFL. Alikuwa anatafuta mahali pa kuwa.

Pale Warriors waliona mwili, mbio na njaa. Walimpa nafasi ya ulinzi, kazi ya kumwinda kwotabaki na kumwangusha kabla hajatupa mpira. Mechi 5. Mwaka huo Cowboys walikuja London kucheza Wembley, na Durde, ambaye tayari walikuwa wanamjua na kumwamini, akawaambia waangalie kijana wake. Aprili 2015 Efe akasaini.

Usidhani hapo ndio aliomoka. Aliachwa na Cowboys. Akapitia Kansas City na Atlanta, huko pia wakamwacha. 2017 NFL walianzisha mpango wa kuingiza wachezaji wa nje ya Marekani, kazi ambayo Durde na Osi Umenyiora, nyota wa zamani wa Giants mzaliwa wa London, walichangia sana. Efe akawa kwa kundi la kwanza, akapelekwa Carolina Panthers. 2018 akawa wa kwanza kutoka kwa mpango huo kuingia kikosi kamili cha watu 53.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Septemba 2018, dhidi ya Cincinnati Bengals. Alimwangusha kwotabaki mara moja na kunasa pasi ya adui. Wakampa mpira wa mechi. Na 2019, Panthers walipokuja kucheza kwa uwanja mpya wa Tottenham, waliomwakilisha kama nahodha kwa urushaji wa sarafu ni huyo huyo mtoto aliyeachwa kwa barabara za London.

Durde naye hakukaa nyuma. Aliajiriwa ukocha Atlanta, kisha Dallas, na 2024 Seattle Seahawks wakampa kazi ya kusimamia ulinzi wote. Hakuna mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa amefika hapo.

Sasa nani anakula na nani analipa?

Hapa ndipo tuongee ukweli. NFL wanavuna London. Hawajakaa bure, tuwe wa haki: 2019 walifungua akademi Uingereza ambapo vijana wanasoma na kucheza, na imetuma kadhaa vyuo vikuu vya Marekani. Ni kitu poa.

Lakini piga hesabu. Akademi inachukua vijana wa umri wa shule. Efe alianza akiwa na miaka 22, hana shule ya michezo nyuma yake, hana mzazi wa kumjazia fomu. Akademi hiyo hata ingekuwepo, isingemwona. Mahali pekee palipokuwa na nafasi yake ni klabu ambayo haiulizi umri wala historia, inauliza tu kama utakuja mazoezi.

Na hiyo klabu inaishi kwa ada za wanachama. Inalipia uwanja, waamuzi na usafiri. Mechi moja ya NFL pale Wembley inajaza watu zaidi ya 80,000, wakati klabu za mtaani zinahesabu nani hajalipa mwezi huu. Ikiwa mwaka mmoja klabu kama Warriors ingeshindwa kulipa uwanja, hakuna mtu Marekani angejua ni nani wamempoteza. Hiyo ndiyo shida ya milango: ile iliyofungwa hatuwezi kuhesabu waliokosa kuingia.

Hii inatuhusu aje?

Inatuhusu, kwa sababu NFL imeshabisha hodi hapa. 2013 mchezaji wetu wa raga, Daniel Adongo, alisaini na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani, akawa Mkenya wa kwanza NFL. 2023 walikuja Nairobi na kambi ya kusaka vipaji. Na sasa mchezo wa fulagi, ule wa kunyakua bendera kiunoni bila kuangushana, uko kwenye Olimpiki za Los Angeles 2028.

Kambi ni sawa. Lakini kambi ni siku chache. Inaangalia nani mrefu, nani ana mbio, kisha inafunga virago. Stori ya Warriors inatuonyesha kitu kingine. Adongo alikuwa ameshaiva kwa raga kabla Wamarekani wamwone, na Efe alipata watu wa kumfunza bila kuulizwa doo nyingi. Wote wawili walitokea mahali ambapo kulikuwa na klabu.

Kwa hivyo ukiona wasee wachache hapo mtaani wakifanya mazoezi na vifaa vya kuazima, kocha wao akiwa ni mtu wa job ya kawaida ambaye hulipia maji mwenyewe, usiwacheke. Ravens walianza na TV. Olympians walimlea Durde, Durde akaenda Warriors, Warriors wakampata Efe. Hiyo cheni ilichukua miaka 30, na karibu kila mtu ndani yake alikuwa anatoa mfukoni.

Mtaani kwenu ni klabu gani inashikiliwa na mtu mmoja au wawili, na wakichoka leo, kesho hakuna kitu? Wataje hapo chini, tuwajue kabla hawajachoka.