Anzeni na malipo, kisha bahasha

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa maadili ya uandishi wa habari, lawama humwangukia mwandishi wa mkoani aliyepokea bahasha ya "nauli" baada ya semina. Bahasha ni rushwa, sibishi. Lakini waandishi wengi wa mikoani si waajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu. Isipochapishwa, nauli na vocha zimekwenda na maji. Azory Gwanda, aliyeripoti mauaji ya wilayani Kibiti, Pwani, hadi akatoweka Novemba 2017, alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa namna hiyo hiyo.

Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 ilileta ithibati ya waandishi wa habari. Vyeti sina ugomvi navyo, ingawa sijaona cheti kinacholipa bodaboda ya kwenda kijijini kuhakiki habari.

Ombi langu ni kwa gazeti lako. Tangazeni viwango mnavyowalipa waandishi wa mikoani. Na habari ikitokana na safari iliyogharimiwa na wizara, kampuni au shirika, mtajeni mgharamiaji chini yake. Mstari mmoja unatosha, na nafasi mnayo: matangazo ya kubeti yanapata ukurasa mzima.

Msomaji wenu,
Morogoro