Mbwa Auawe au Achanjwe?

Kila mara mtoto aumwapo na mbwa mwenye kichaa, sauti hupaa zikidai kwamba mbwa wote wazururao wapigwe risasi au watiliwe sumu. Hofu hiyo yaeleweka. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Yakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 duniani kila mwaka, na katika kila 10 wafao, wapatao 4 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Lakini hasira si kipimo cha sayansi. Swali lipasalo kuulizwa ni hili: je, kuwaua mbwa hukomesha ugonjwa?

Visiwa viwili vya Indonesia vyatoa jibu. Ugonjwa uliingia Flores mwaka 1997; mbwa wengi mno wakauawa, nao haukutoweka. Katika Bali uligunduliwa mwaka 2008. Huko nako mauaji yalitangulia, na ugonjwa ukaenea kisiwa kizima. Vifo vya watu vilipungua sana baada tu ya kampeni ya kuwachanja mbwa wa kisiwa chote, iliyoanza mwaka 2010.

Sababu si fumbo. Kwanza, mbwa huzaa upesi, na nafasi ya waliouawa hujazwa na watoto wasio na kinga. Pili, risasi haichagui: aliyechanjwa huanguka pamoja na asiyechanjwa. Tatu, mwenye mbwa humficha au humpeleka kijiji kingine, na pengine ugonjwa husafiri naye. Ikumbukwe kwamba katika Afrika Mashariki wengi wa mbwa waitwao koko wana wenyewe. Usiku hulinda boma na mifugo, mchana hujitafutia.

Wengine hupendekeza zijengwe nyumba za kuwatunzia mbwa wasio na makao. Nia ni njema, lakini nyumba hujaa. Nchini Marekani, ambako nyumba hizo ni nyingi, mamia ya maelfu ya mbwa na paka bado huuawa humo kila mwaka. Kumwokoa mbwa hakuna budi kuanzie kijijini kwake.

Utafiti uliofanywa Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, mbwa wasiofika wawili. Mnyororo wa namna hiyo hukatika bila shida kubwa. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, na kazi hiyo ikarudiwa kila mwaka, kinga hutosha hata baada ya wengine kufa na wapya kuzaliwa. Kisiwani Pemba chanjo iliutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016, chanjo iliutokomeza tena kufikia mwaka 2018. Fundisho ni kwamba ushindi nao huhitaji ulinzi.

Itasemwa kwamba vijiji viko mbali na majokofu hayapo. Hoja hiyo imepungua uzito. Aina moja ya chanjo imethibitishwa kudumisha nguvu zake kwa miezi 6 katika nyuzi joto 25, na kwa miezi 3 katika nyuzi 30. Mkoani Mara, watafiti wamejaribu kuihifadhi vijijini katika vyombo vya udongo vipozwavyo kwa maji, kwa kanuni ile ile ya mtungi wa nyumbani. Hivyo wanakijiji wenyewe waweza kuchanja mwaka mzima, bila kungoja gari kutoka wilayani.

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Kwa ugonjwa huu usemi huo haufai. Hapa shule ina nafasi kubwa, kwani mara nyingi ni watoto wawaletao mbwa kwenye chanjo, wakiwashika kwa kamba. Mwalimu na awafundishe kwamba jeraha la kuumwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha majeruhi hukimbizwa hospitali kupata chanjo. Na awafundishe kwamba mbwa aliyechanjwa si adui wa kijiji. Huyo ni ukuta unaotembea, na anayemuua hubomoa ukuta wa nyumba yake mwenyewe.