Kabla ya spika kubwa, kagua umeme wako

Soko la mifugo likichangamka hapa Oldonyiro, kaunti ya Isiolo, hukosi kumwona kijana akipita na wufa mpya begani. Ameuza mbuzi wake, amejinunulia furaha, na ni haki yake. Dukani aliuliza wati ngapi, besi ikoje, inashika blututhi? Ambacho hakuuliza ni umeme gani utakaoilisha. Nami nashikilia kwamba katika nyumba ya sola, pesa ya kwanza ya muziki iende kwenye umeme, spika zifuate.

Wapenzi wa muziki wenye uwezo wameshalijua jambo hili. Ulaya, Marekani na Japani wananunua mashine za kusafisha umeme wa redio kwa bei ya ng'ombe kadhaa. Kazi yake ni kuchuja kelele zinazosafiri kwenye nyaya za stima kutoka kwenye friji, mota na chaja, na kuzuia umeme unaoruka ghafla. Kuna Wajapani waliosimamisha nguzo na transfoma zao binafsi uani ili redio zao zisigawane umeme na majirani.

Sisi tunaotumia sola tunacho tayari wanachokitafuta. Umeme wa betri ya volti 12 umenyooka, hauna mvumo wowote. Tunauharibu wenyewe tunapouchomeka kwenye inverta ya bei rahisi, chombo cha kuugeuza uwe kama stima ya nguzo.

Stima ya Kenya ni ya volti 240, nayo hupanda na kushuka kwa wimbi laini mara 50 kila sekunde. Inverta ya bei ya chini, ambayo mafundi huiita modifaidi, hailifuati wimbi hilo. Inaruka juu, inasimama, inaanguka, inasimama tena. Balbu haijali. Chaja ya simu kwa kawaida huvumilia. Lakini amplifaya yenye transfoma inapata joto na kuvuma, na mvumo huo unakaa chini ya kila wimbo. Redio nayo, ikiwa inakamata stesheni ya mbali, hujaa mikwaruzo hadi msomaji wa habari hasikiki. Ukitaka uhakika, zima inverta kisha washa redio kwa betri zake yenyewe. Kelele ikinyamaza, umeshampata mwenye makosa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya kaseti zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nilipokuwa nikifundisha nilikuwa nikiwarekodi wazee wakisimulia historia za koo na akina mama wakiimba nyimbo za harusi, kwa Kisamburu na kwa Kiturkana. Wengi wao wameshatutoka. Kijana wa jirani alipoanza kunisaidia kuzihamishia kwenye memori kadi, tulitumia inverta yake, na tulipozisikiliza nakala tukakuta mvumo mzito nyuma ya sauti ya mzee. Nikamwambia asimame hapo hapo. Mvumo ukishaingia kwenye nakala, hautoki bila kuondoka na sehemu ya sauti. Tukakiunga kinanda cha kaseti moja kwa moja kwenye betri, kwenye tundu lake la volti 12. Mzee akasikika anavuta pumzi kabla ya kutaja jina la babu yake, na kengele ya mbuzi ikalia kwa mbali.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye sola ni huu: kwanza tafuta chombo kinachotumia volti 12, iwe redio ya gari au wufa yenye tundu la betri. Redio inayokula wati 50 huvuta takriban ampea 4. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itakupigia muziki saa 12. Ukipitia kwenye inverta, sehemu ya umeme huo inaishia kuwa joto.

Waya nao usiufanyie ubahili. Waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa, ukiuvuta mita 10 kutoka kwenye betri, unapoteza karibu volti 1 kwa ampea hizo 4. Besi ikipiga, mvuto unaongezeka, taa zinafifia na redio inajizima. Watu husema wufa ni mbovu kumbe waya ni mwembamba. Weka waya wa 4, au sogeza redio karibu na betri. Na fyuzi ikae pale pale kwenye betri, kwa sababu nyaya za betri zikigusana zinaweza kuichoma nyumba.

Kama chombo chako ni cha volti 240 pekee, nunua inverta ya pyua saini, ile inayotoa wimbi laini kama la stima, yenye uwezo wa kuzidi mahitaji yako, na uiweke mbali na antena. Mwenye stima ya nguzo au jenereta ana ugonjwa mwingine: umeme unaoshuka, kupotea, kisha kurudi kwa kishindo. Sehemu kubwa ya Kenya ilipozama gizani usiku wa 25 Agosti 2023, hatari kwa vyombo ilikuwa pia katika saa ya kurudi. Huyo anahitaji kinga inayokata umeme mbaya na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha, pamoja na ethi iliyozikwa vizuri. Ekstenshen yenye taa nyekundu peke yake si kinga.

Mradi wa KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa kaunti 14, Isiolo ikiwemo, ulilenga kuzifikishia sola nyumba zilizo mbali na gridi. Tangu 2012, kanuni zinamtaka fundi wa sola awe na leseni. Hayo ni mema, lakini sola haikuletwa kwa ajili ya balbu na simu tu. Fundi akimaliza kazi aache karatasi inayoeleza betri inabeba nini, waya ni wa unene gani na inverta inatoa wimbi la aina gani. Maduka ya Isiolo na Nanyuki nayo yaandike aina ya wimbi kwenye kila inverta, kwa Kiswahili, kando ya bei. Muuzaji asiyeijua ajifunze, na mnunuzi asiyeambiwa asitoe pesa yake.