Umeokoka, Halafu?

Wapendwa, hapa Nyarugusu tunasali tangu 1996. Kwaya zipo, mikesha ipo, "Bwana asifiwe" kila kona. Lakini bombani mwokovu huyohuyo anamsukuma bibi kizee ili ndoo yake itangulie. Siku ya mgao anabeba chakula chake na kupita. Jirani mgonjwa hana wa kumbebea. Mrundi aliyekuja 2015 bado anaitwa mgeni. Kwani sisi ni wenyeji wa wapi?

Yakobo, sura ya 2, anamtaja ndugu asiye na nguo wala chakula. Maneno mazuri hayamshibishi.

Na msiniambie mashirika yatafanya. Shirika halikubatizwa, wewe ulibatizwa. Kesho, kabla ya maombi ya asubuhi, mchotee bibi maji kwanza.