Seneti ya Mikoa: Tutazame Kenya Kwanza



Kila yanapozuka mazungumzo ya Katiba mpya, hapa Katubuka na hata Ujiji, wako wenzetu wasemao kwamba dawa ya mikoa ya pembezoni ni Seneti. Wasema Kigoma ipewe kiti sawa na Dar es Salaam, nasi tutasikika. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Burundi wanayo Seneti, Kongo ng'ambo ya ziwa wanayo, Kenya wanayo, sisi hatuna. Lakini kiti ni kitu kimoja na mtu akikaliaye ni kitu kingine, na mtu huyo huletwa na chama.

Mwezi Mei 1963 Kenya iligawiwa viti 41 vya Seneti, kila wilaya kimoja na Nairobi kimoja. Vitatu vya kaskazini mashariki vilibaki vitupu kwa kuwa Wasomali waligomea uchaguzi. Katika 38 vilivyojazwa, KANU ya Bwana Kenyatta ilipata 18, KADU ya Bwana Ngala 16, APP ya Bwana Ngei 2. Viwili vilivyosalia vikaenda kwa chama kidogo cha kaskazini na mgombea wa kujitegemea. Ndugu, itazameni hesabu hiyo. Katika Baraza la Wawakilishi KANU iliiacha KADU mbali sana, lakini katika Seneti ilikosa hata nusu. Tena kubadili Katiba kulitaka robo tatu ya kila Baraza, na kwa yale yaliyolindwa zaidi, tisa ya kumi ya Seneti. Watu 16 wa KADU wangalisimama imara, ukuta huo usingalivukwa.

Hawakusimama. APP ilirudi KANU mwaka ule ule wa 1963. Watu wa KADU nao wakavuka, kwanza mmoja mmoja, kisha makundi, na tarehe 10 Novemba 1964 chama kikavunjwa. Jamhuri ikaja Desemba, majimbo yakanyang'anywa nguvu. Wapiga kura wa Pwani na Bonde la Ufa, ambao ndio waliowapeleka Nairobi kwa ahadi ya majimbo, hawakuulizwa neno.

Kinachoudhi zaidi ni mambo ya 1966. Bwana Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU wakaunda KPU, ghafla serikali ikakumbuka kwamba mjumbe ni mali ya chama kilichomleta! Sheria ikapitishwa upesi, viti 29 vikarudishwa kwa wapiga kura, 10 kati yake vya Seneti. KPU ikapata 9 tu, viwili vya Seneti. Kuvuka kuingia kwa wenye serikali kulikuwa halali. Kutoka, ni kosa. Na mwisho wa mwaka Seneti ikafutwa, Maseneta wakahamishiwa Bunge moja, viti vya kuchaguliwa vikapanda kutoka 117 hadi 158, na muda wa Bunge ukaongezwa hadi 1970. Kwa bei hiyo, nani angekataa?

Katiba ya 2010 iliirudisha, Seneta mmoja kwa kila kaunti, kaunti 47, pamoja na 20 wanaoteuliwa na vyama. Hapo pana jambo la kutupa moyo. Mwaka 2020 wakubwa wa Jubilee na wa ODM walikuwa upande mmoja juu ya kanuni ya kugawa fedha, kanuni ambayo ingepunguza fungu la Pwani na kaskazini. Maseneta wa kaunti hizo, wa vyama vyote viwili, walikataa. Vikao kadhaa vilivunjika, hata Septemba ikakubaliwa kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa.

Sasa sisi. Mwaka 2010 viti vinane vya Kigoma viligawanyika: NCCR-Mageuzi vinne, CCM vitatu, CHADEMA kimoja. Mwaka 2020 vyote vikawa vya CCM. Seneta mmoja wa mkoa angekuwa wa nani katika miaka hiyo, na angemsikiliza nani siku chama chake kikimwambia apige kura kinyume cha Kigoma?

Hilo ndilo nataka matawi ya Katubuka, Gungu na Mwanga walijadili kabla ya kupiga makofi. Seneti isiyo na kauli juu ya fedha tusiipoteze siku moja kuidai. Na kura juu ya fungu la mikoa ipigwe na Seneta kwa maagizo ya madiwani wa mkoa wake, chama kisiwe na ruhusa ya kumfukuza kwa ajili ya kura hiyo. Anayependekeza Seneti kwenye mkutano aulizwe kwanza kama anayakubali hayo mawili, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za tawi.