Hata anayeitwa msaliti asikilizwe mahakamani

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya viongozi na haki za binadamu katika nchi zetu zilizojikomboa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja mpakani mwa wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Kila mwaka nafundisha watoto historia ya ukombozi, na kila mwaka nafika mahali pananikwaza.

Wazee wa huku wanaikumbuka vizuri kambi ya FRELIMO. Mashamba ya mpango wa karanga wa Waingereza, mpango uliokufa mwaka 1951, ndiyo yaliyokuja kupata kazi ya maana zaidi pale vijana wa Msumbiji walipokuja kufunzwa kupigana na Mreno. Wananchi wa huku waliwapokea kama ndugu. Hilo ni jambo la fahari, wala siandiki kulibeza.

Lakini kambi hiyo hiyo iliona jambo jingine. Mei 1975, mwezi mmoja kabla ya uhuru wa Msumbiji, Mchungaji Uria Simango alisimamishwa pale Nachingwea mbele ya maelfu ya wapiganaji. Huyu alikuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO tangu 1962, chini ya Eduardo Mondlane aliyeuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Baada ya hapo Simango aligombana na wenzake, akafukuzwa, na mwaka 1974 akaunda chama kingine. Sasa alisomeshwa maungamo marefu ya kurasa 20, akijiita msaliti na kuomba afunzwe upya. Walionyeshwa na wengine pia, akiwamo Lázaro Nkavandame na mama mmoja, Joana Simeão. Mwezi huo huo Samora Machel alivuka Ruvuma kuanza safari yake ya ushindi hadi Maputo.

Waliokiri walipelekwa kambi ya M'telela, mkoani Niassa, kisha wakauawa. Hawakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mke wa Simango, Celina, naye aliuawa baadaye vivyo hivyo. Watoto wao walikua bila kuonyeshwa kaburi. Mmoja wao, Daviz, alikuja kuwa Meya wa Beira hadi alipofariki mwaka 2021.

Wapo watakaosema wakati ule ulikuwa wa vita. Nami nakubali kuwa baadhi ya watu hao walikuwa na makosa; Nkavandame, kwa mfano, alijiunga na Wareno mwaka 1969. Lakini vita ilikwisha kwa mkataba wa Lusaka wa Septemba 1974, na watu hawa waliuawa baada ya bendera kupandishwa, nchi ikiwa na serikali yake. Kama ushahidi ulikuwapo, ulishindwa nini kusemwa mahakamani?

Si Msumbiji peke yake. Diallo Telli wa Guinea, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alikufa mwaka 1977 katika gereza la nchi yake mwenyewe, nchi aliyoitumikia tangu ipate uhuru. Nasi hapa Tanzania tulikuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Haki za binadamu tuliziandika ndani ya Katiba yetu mwaka 1984, miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru. Mkoloni alitufunga bila kutusikiliza, tukamwita dhalimu. Sisi tukifanya lile lile tutajiitaje? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ndugu Mhariri, nisije nikaonekana nanyooshea vidole wakubwa tu. Mimi mwenyewe nilimsimamisha mtoto wa darasa la tano mstarini, nikamtaka akiri mbele ya wenzake kuwa ameiba fedha za ufuta wa shamba la shule. Alikiri. Siku ya tatu fedha zilionekana ndani ya daftari la mahudhurio, nilikoziweka kwa mkono wangu. Nilipomwuliza kwa nini alikubali kosa ambalo si lake, alijibu kuwa alitaka niache kumwuliza. Nilimwomba radhi mstarini pale pale, lakini tangu siku hiyo siamini tena maungamo ya mtu aliyezungukwa.

Ndiyo maana naomba mambo mawili. Kwanza, historia ya ukombozi inapoelezwa Nachingwea, na hili lielezwe, ili vijana wajue kuwa kiongozi anaweza kukomboa nchi na bado akawakosea watu wake. Kulisema hakumpunguzii Samora ushujaa wake.

Pili, tuanze huku huku vijijini. Msimu wa korosho ukifika, mtu akishukiwa wizi, asizungukwe mkutanoni mpaka akiri. Apelekwe polisi, aende mahakamani, aulizwe na ajibu. Katiba yetu inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Mtoto anayezoea kuona mtu akilazimishwa kukiri kijijini atakuja kuwa kiongozi, naye hataona ubaya kuyafanya hayo hayo kwa nchi nzima.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nachingwea, Lindi.